Kinu Chini ya Nyumba

Katika jengo moja la wapangaji mjini Columbus kuna dari ambayo haitikisiki tena. Patricia, mjane wa Kimarekani anayekaa chini ya dari hiyo, alikitafuta kimya hicho kwa muda mrefu. Alimpigia simu msimamizi wa jengo, akampigia tena, na siku moja akawaita polisi. Sasa amekipata. Jumamosi asubuhi hukaa jikoni na kikombe cha kahawa, na mara kwa mara huinua macho, kama mtu aliyezoea kuamshwa na mgonjwa, na mgonjwa ameondoka. Juu hakuna mshindo. Wanakaa vijana wawili wanaotembea kwa soksi na kula vyakula vya kuagiza kwa simu.

Aliyeondoka na mshindo ule anaitwa Nyirabeza.

Alizaliwa kwenye milima mirefu ya Kivu ya Kusini, kwa watu wanaofuga ng'ombe, mahali ambapo chakula kilikuwa maziwa na mahindi na hakuna mwanamke aliyetwanga majani. Kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, alijifunza Uvira, kando ya ziwa, walipoteremka na vifurushi kichwani baada ya kijiji chao kuchomwa. Wanawake wa bondeni walimcheka. "Binti wa maziwa, huo mchi utakuvunja mgongo!" Haukumvunja. Aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia: majani ya muhogo yanavyogoma mwanzoni, yanavyotoa harufu kali, halafu yanavyolegea na kukubali.

Mume wake, Ezéchias, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Alirudi kukicha, akajilaza kwenye mkeka, na nyuma ya ukuta wa udongo, karibu kabisa na kichwa chake, kinu cha mke wake kikawa kinapiga. Alilala fofofo. Miaka ile watu walikuwa wakihama bila kuaga, na Ezéchias aliwahi kusema kwamba akisikia kinu anajua mambo mawili: mke wake yupo, na leo hakuna anayekimbia. Mtu aliyefunga mizigo hatwangi sombe.

Walikimbia hata hivyo, baadaye. Ikaja Burundi, ikaja kambi, ikaja miaka ya kusubiri ndege. Walipopokelewa Marekani, mjini Louisville, walipata nyumba ya kupanga upande wa Okolona, karibu na maghala ambako Ezéchias aliajiriwa kazi ya usiku. Ruberwa, mzee wa kanisa lao aliyekuwa seremala, aliwachongea kinu kutoka kwenye shina la mwaloni ulioangushwa na dhoruba. Kilikuwa kizito, kirefu hadi kiunoni, cheusi kidogo upande mmoja. Nyirabeza alikipaka mafuta kama anayempaka mtoto, akatwanga jikoni. Wiki iliyofuata jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Baadaye msimamizi wa majengo akaja mlangoni akiwa na uso wa mtu anayetaka kumaliza haraka.

Wakahamia Columbus. Huko akampata Patricia. Alijaribu kuweka blanketi chini ya kinu, akajaribu zulia, akajaribu kutwanga polepole, na kutwanga polepole hakuvunji hata jani moja. Mwishowe walikishusha kinu hadi kwenye uwanja wa kuegesha magari. Aliinua mchi, akapiga, na gari la jirani likaanza kulia king'ora, taa zikiwaka na kuzima. Akapiga tena; la pili likaitikia. Polisi aliyefika alikuwa mpole. Alichungulia ndani ya kinu, akaona majani tu.

"Mama, tununue ile iliyotwangwa tayari," Teta, binti yao, alimwambia kwa Kiingereza, lugha anayoitumia kila anapotaka kumshinda mama yake. "Iko kwenye friji dukani. Kila mtu ananunua."

"Ile ilitwangwa na mashini," Nyirabeza alijibu kwa Kiswahili, lugha anayoitumia kila anapokataa kushindwa. "Iko kama karatasi imelowana maji. Utakula karatasi weye?"

Ndipo simu ya Bamurange ikaja. Bamurange ni rafiki yake wa tangu Uvira, aliyekuwa ametangulia kwenda Buffalo.

"Huku nyumba ni za zamani, Mama Teta. Mbao zinalia ukikohoa. Lakini kila nyumba iko na chumba chini. Na chini ya kile chumba hakuna mtu. Ni udongo tu."

"Udongo tu?"

"Udongo tu, na panya kidogo."

Nyumba waliyoipata ilikuwa Black Rock, mtaa mmoja wa Buffalo, si mbali na mto, ya mbao, iliyokalia msingi wa mawe. Mtu aliyewaonyesha aliwaeleza habari za paa na madirisha. Nyirabeza aliteremka ngazi moja kwa moja, akapiga sakafu kwa kisigino, akasikiliza, akasema, "Hii." Kwa mara ya kwanza tangu milimani alitoa nguo zote kwenye sanduku la safari, akalisukuma sanduku tupu chini ya kitanda. Kinu akakiweka kwenye kona ya chumba cha chini, akakifunika kwa kitenge kama alivyofunika kila chombo cha chakula.

Nyuma ya uzio wao kulikuwa na kiwanda cha zamani cha matofali na zege, madirisha yamezibwa kwa mbao. Hakuna jirani mtaani aliyejua kiliwahi kutengeneza nini. Nyirabeza alikipenda kwa sababu hakikuwa na masikio.

Mtaa ule ulikuwa na saa zake. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa zamu ya usiku, wa ghalani, wa kiwandani, wa kutunza wazee. Jua likichomoza magari yalirudi moja moja, mapazia yakavutwa, na watu wakalala wakati watoto wanakwenda shule. Ezéchias naye alirudi, akanywa chai ya maziwa, akaingia chumbani. Jumamosi alilala juu ya mshindo wa kinu uliokuja kupitia sakafu. Siku hizo alilala vizuri zaidi.

Kisha wakaja watu wa kukizungushia kiwanda uzio wa waya, na baada yao akaja Reginaldi.

Alikuwa Mtanzania, mtu wa Bukoba, mhandisi aliyesoma kwenye chuo kikubwa kule Amherst, nje kidogo ya Buffalo, na kubaki. Kampuni iliyopewa kazi ya kubomoa kiwanda ilimpa jukumu la kelele na mitetemo: kupima, kuzuia, na kuzungumza na wenye nyumba. Alifika mlangoni na fulana ya rangi ya machungwa, viatu vyenye matope, na salamu ambayo Nyirabeza hakuwa ameisikia tangu kambini.

"Shikamoo, mama."

"Eh! Marahaba. Nyie Watanzania munasalimia kama munaomba musamaha." Alikuwa tayari anacheka. "Ingia, mtoto yangu."

"Ahsante, mama, nitasimama hapahapa, nina matope. Nimekuja kuwaambia kwamba tunabomoa kile kiwanda. Kutakuwa na kelele, na ardhi itatetemeka kidogo. Lakini hatutafanya kazi usiku hata dakika. Tutaanza saa moja asubuhi na kufunga jioni, ili watu wapate usingizi wao." Alilisema hilo kwa fahari kidogo, yeye mwenyewe ndiye aliyelipigania. "Je, kuna shida yoyote hapa nyumbani? Mgonjwa? Mtoto mchanga? Mtu anayehitaji utulivu?"

Nyuma ya mgongo wa Nyirabeza, pazia la chumbani lilikuwa limefungwa na Ezéchias alikuwa akikoroma.

"Hakuna shida," alisema Nyirabeza. "Ingia ule."

Kwao mgeni hapewi shida mlangoni. Anaulizwa habari, anajibiwa nzuri, hata kama ndani kuna maiti, analishwa, anakuja tena, na siku ya tatu au ya nne, kama ni mtu wa kweli, jambo linawekwa mbele yake polepole. Reginaldi hakuwa na siku ya nne. Alizunguka mtaa mzima, na mtaa mzima ukamwambia hakuna shida.

Lakini kwa Nyirabeza aliingia, kwa sababu harufu ilimvuta. Alikula sombe na wali, akafumba macho. "Mama, hiki ni kisamvu kabisa. Nani amekutwangia?"

"Mungu alinipa mikono."

Baada ya kula aliteremka chumba cha chini kufunga kipima mtetemo, kisanduku kidogo cha chuma alichokibana sakafuni karibu na ukuta wa nyuma. Aliiangalia mashine ya kufulia, akaona iko mbali vya kutosha. Kitu kilichofunikwa kitenge pembeni hakukiuliza; mtu mwenye adabu haulizi kilichofunikwa kwenye nyumba ya watu.

"Hiki kinasikia ardhi," alieleza. "Mtetemo ukipita kiwango, simu yangu inalia, na ya msimamizi wa kazi inalia. Mashine inasimama mpaka tujue sababu. Msikiguse tu."

"Hatutakigusa," alisema Nyirabeza, na hakuna aliyekigusa.

Nyundo ilianza Jumatatu. Katapila lilikuwa na mkono mrefu, na mwisho wa mkono kulikuwa na chuma kinene kilichopiga zege haraka haraka, kikitua, kikipiga tena. Sahani zilijibu kabatini. Maji kwenye glasi yalipata mikunjo. Kelele yenyewe mtu angeweza kuizoea, kama alivyosema Bamurange. Kilichowashinda ni ule mtetemo uliopanda kwenye miguu ya kitanda na kuingia kwenye meno.

Nyirabeza alifungua mlango wa chumbani akamkuta mume wake ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Lala, Papa Teta."

"Nalala. Si unaona nimelala?"

"Umevaa viatu."

Ezéchias aliviangalia viatu vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mapigo kama yale aliwahi kuyasikia Uvira, kabla hawajakimbia. Alivivua. Kesho yake alivivaa tena.

Kazini aliendesha gari la kunyanyua mizigo katikati ya rafu ndefu kuliko nyumba. Katika wiki ya pili ya nyundo alisinzia kwenye usukani, akagonga rafu, na maboksi yakamwagika mbele ya miguu ya mwenzake. Mkubwa wa zamu alimwambia kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kelele: akisinzia tena hatapewa gari, kwa sababu safari nyingine atamwua mtu. Ezéchias alilisimulia jambo hilo akitazama chai. Tangu siku hiyo Nyirabeza hakuwaza kitu kingine. Alizunguka nyumba akifunga madirisha yaliyokuwa yamefungwa. Alitundika mablanketi. Aliomba.

Kisha majani yakafika. Mtu aliyeyaleta kwa lori kutoka Florida alichelewa, akayashusha Jumanne, na Jumamosi ya wiki hiyo kulikuwa na harusi kanisani. Majani ya muhogo hayasubiri. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, nyundo ikiwa inapiga, Nyirabeza alishuka, akafunua kitenge, akatwanga.

Nyundo ikanyamaza.

Alidhani ni bahati. Aliendelea mpaka kinu cha kwanza kikaisha, akapanda ngazi kuchukua majani mengine, na alipopita mlango wa chumbani alisikia mume wake anakoroma. Alisimama pale akiwa ameshika ukuta. Dirishani aliwaona wanaume wa helmeti wamekusanyika wakitazama nyumba yake, na Reginaldi katikati yao, simu mkononi, akikuna kichwa.

Kisanduku kinasikia ardhi. Hakuhitaji mtu wa kumweleza zaidi.

Alhamisi aliteremka nyundo ilipoanza. Alitwanga, nyundo ikasimama, naye akaacha. Ijumaa vivyo hivyo. Ezéchias alilala asubuhi tatu mfululizo, akaamka na uso wa mtu aliyerudi kutoka safari, akamtania Teta kuhusu nywele zake. "Wamepunguza ile mashini," alisema. "Ni watu wazuri." Nyirabeza aligeuka kukoroga sufuria.

Nje, kampuni ilihangaika. Alama zilizokuja kwenye simu zilikuwa za mapigo mazito, moja moja, na Reginaldi aliamini ni vipande vya zege vinavyoanguka. Akaagiza kifusi kitandazwe chini kama godoro ili vipande viangukie hapo. Alama zikaja. Akaagiza mfereji uchimbwe kando ya uzio ili mtetemo ukatike njiani. Alama zikaja. Kila mara alipita kuomba radhi.

"Mama, poleni sana. Nyumba inatikisika sana?"

"Hakuna shida, mtoto yangu. Kaa ule."

Na alikula, sahani baada ya sahani, sombe yenye mawese na samaki wa kukaushwa, akiwa amejaa mawazo.

Majani yakaisha. Nyirabeza alitwanga karanga. Zikaisha. Alitwanga mahindi, ambayo yangeweza kusagwa dukani. Na asubuhi moja nyundo ilianza na hakukuwa na kitu cha kutwanga ndani ya nyumba. Ezéchias alikuwa ndiyo kwanza amepanda kitandani. Nyirabeza alishuka, akaweka kitambaa ndani ya kinu kitupu, akainua mchi.

Alipiga. Sauti ilikuwa nyingine, kavu, ya mti na mti. Nyundo ilisimama kama siku zote. Lakini yeye alibaki ameegemea mchi. Mpaka jana alikuwa mwanamke anayepika. Leo alikuwa nani? Alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Ijumaa ilikuwa zamu yake kufundisha. Akakitoa kitambaa ndani ya kinu, akakikunja.

Mchana huo Reginaldi alikuja na habari, na safari hii alikataa kukaa.

"Mama, nimefanya kila ninachojua. Vipimo vya nyumba yako havishuki. Tatizo si mashine tena, ni nyumba. Tunadhani msingi umelegea. Itabidi muhame, mkae hotelini mpaka tumalize, na mkaguzi wa jiji aje aiangalie."

Teta alikuwa ametoka darasani, begi bado begani. "Na mkaguzi akisema ni mbovu?"

Reginaldi aliangalia viatu vyake. "Basi hamtaruhusiwa kurudi mpaka itengenezwe. Na kwa msingi wa mawe kama huu, sijui kama kuna mtu atakayetaka kuutengeneza."

"Hakuna shida," alisema Nyirabeza kwa sauti ndogo sana.

"Mama!" Teta alipaza sauti. "Shida ipo! Mwambie ipo!"

Reginaldi alipoondoka, Ezéchias aliamka, akasikiliza habari. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akalivuta sanduku la safari. Halikuwa na vumbi. Nyirabeza aliliona hilo: halikuwa na vumbi. Mtu alikuwa akilifuta.

"Bon, sawa," alisema Ezéchias. "Twende tu Louisville. Ruberwa atatupokea. Donc, basi, tulijua."

"Tulijua nini?"

"Kwamba tutaondoka. Sisi ni watu wa kuondoka, Mama Teta."

Alisema bila uchungu, akikunja shati. Ni ule utulivu wake uliomwumiza. Nyirabeza alitoka, akavuka barabara hadi kwa Bamurange, akamwambia yote akiwa amesimama.

Bamurange alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akaacha ghafla. "Umesimamisha mashini ya Wazungu na mchi?"

"Usicheke. Wananifukuza kwenye nyumba yangu, na ni miye najifukuza."

"Sasa mwambie yule mtoto wa Tanzania."

"Namwambia namna gani? Amekula kwangu. Mtu aliyekula kwangu nimwambie nilikuwa namdanganya na kijiko mkononi mwake?"

"Mwambie na kitu kilekile ulichomdanganya nacho," alisema Bamurange. "Mdomo wako utasema hakuna shida. Nakujua."

Jumapili ikafika, kazi zimesimama. Baada ya ibada Nyirabeza alimwita Reginaldi kwa simu, naye akaja, akiwa na shati safi na sura ya mtu ambaye hajalala. Alitarajia meza. Nyirabeza alipita meza, akafungua mlango wa ngazi.

"Nifuate. Leo utakula baadaye."

Chini alikifunua kinu. Bamurange alikuwa amempa kifurushi cha mwisho cha majani aliyoyaficha kwenye friji yake. Yalikuwa yamenyauka, lakini yalikuwa majani. Aliyamimina. Reginaldi aliangalia kinu kama mtu anayemwona ndugu uwanja wa ndege.

"Kumbe ndicho hiki! Nilijiuliza kila siku kisamvu cha mama kinatwangwa wapi. Bibi yangu alikuwa na..."

Mchi ulishuka. Simu ya Reginaldi ikalia mfukoni.

Aliitoa, akauzima mlio, akakunja uso. Mchi ulishuka. Simu ikalia. Aliangalia kioo cha simu. Aliangalia kisanduku cha chuma, kisha kinu, kisha mikono ya Nyirabeza. Mchi ulishuka mara ya tatu, na safari hii hakuitazama simu. Aliiacha ilie.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu majani ya harusi."

"Mama. Mimi nilikula ile sombe ya harusi."

"Ulikula. Sahani mbili."

Teta, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, alifunika mdomo. Lakini Reginaldi hakucheka. Aliketi kwenye ngazi ya chini, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema wakubwa wake walikuwa wameanza kuuliza kama anajua kazi. Alisema kuna mfereji mzima umechimbwa. Alisema watu walirudishwa nyumbani asubuhi nzima, mara kadhaa, kwa ajili ya mboga.

"Nilikuuliza, mama. Kila nilipokuja nilikuuliza. Kwa nini hukuniambia kwamba mzee analala asubuhi?"

"Uliniuliza ukiwa mgeni."

"Nimekuja hapa mara ngapi? Bado mimi ni mgeni?"

Nyirabeza aliweka mchi chini. "Sikiliza, mtoto yangu. Louisville walinishitaki kelele. Columbus walinishitaki kelele, na polisi alikuja, na mtoto wangu aliona. Sasa niende kwa watu na uso gani, niseme, nyie, munanipigia kelele? Nilisema, hii safari nitavumilia, watu wajue kwamba najua kuvumilia. Lakini Papa Teta angeua mtu na lile gari. Nilikosa njia." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye rangi ya majani. "Nyumba haina kosa. Mawe yake ni mazuri. Andika ni miye. Usiandike ni nyumba."

Juu yao mbao zililia. Ezéchias alikuwa ameamka, na mshindo ndio uliomwamsha: si kwa sababu ulikuwa mkubwa bali kwa sababu ulikatika. Alishuka ngazi nusu, miguu mitupu, akawatazama wote watatu.

"Mbona umeacha?" alimwuliza mke wake.

Reginaldi aliinuka kutoka kwenye ngazi. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza kwenye nyumba yoyote ya mtaa ule.

"Baba, wewe unalala saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Jumatatu aliwaambia wakubwa wake ukweli, na haukupokelewa kwa kicheko. Msimamizi wa kazi hakumsalimia Nyirabeza tena mpaka mwisho. Lakini habari za kuhama zilikufa siku hiyohiyo, na mkaguzi hakuja. Reginaldi alizunguka upya mlango kwa mlango, akaketi kila alipoombwa kuketi, akauliza kuhusu usingizi tu. Alirudi na jibu lililomwacha mdomo wazi: saa zile alizozipigania ili watu walale ndizo zilizowakesha. Nyundo ikasogezwa mchana, baada ya saa nane. Asubuhi walifanya kazi za kimya, kukata vyuma, kupakia kifusi, kumwagia vumbi maji. Na ule upande uliotazama nyumba ya Nyirabeza hawakuupiga tena nyundo. Walileta taya kubwa la chuma lililouma zege na kulimega taratibu, kama mtu asiye na meno anavyokula mkate.

Kisanduku kilibaki palepale. Walikubaliana kwamba kabla ya kutwanga apige simu.

"Naanza," alikuwa akisema.

"Sawa, mama. Muda gani?"

"Mpaka ilainike."

Na mara nyingine, kutoka nje, katikati ya vumbi, sauti ilimjibu, "Nibakizie."

Ezéchias bado anaendesha lile gari. Sanduku la safari alilirudisha chini ya kitanda mwenyewe. Kama bado analifuta, anafanya hivyo wakati mke wake hayupo. Nyundo ilipomaliza ukuta wa mwisho, kabla ya theluji, mtaa ulipata kimya ambacho haukujua la kufanya nacho. Kuna uwanja mpana wa kokoto pale sasa, na upepo wa mtoni unaufikia mlango wa nyuma bila kizuizi. Watu wanasema kutajengwa nyumba za wapangaji. Wengine wanasema ghala. Nyirabeza huutazama uwanja ule anapoanika nguo, akihesabu kichwani itakuwa kelele ya aina gani, na Reginaldi, aliyehamishiwa kazi nyingine mbali na hapo, bado hupita baadhi ya Jumamosi na kuingia bila kubisha.

Nyirabeza anaishi Black Rock, Buffalo, katika nyumba ileile, na kinu kipo kwenye chumba cha chini, kimefunikwa kitenge.